Tramadol, Valium na kanyanga: pumzi inayozimika bila kelele

Katika miji mingi ya mashariki mwa RDC, kijana anaweza kupata vitu vitatu bila kutembea sana: plaketi ya tramadol kwenye farmasi ndogo ya kata, komprime mbili za Valium zilizokatwa kwa makasi kutoka plaketi nyingine, na kichupa cha plastiki chenye kanyanga. Mara nyingi hakuna anayemuuliza ordonansi. Kila kimoja kina bei ndogo, na kila kimoja, mtu mzima akikichukua peke yake kwa kipimo kidogo, kwa kawaida hakimwui. Hatari kubwa inaanza pale vyote vitatu vinapokutana ndani ya mwili mmoja, usiku mmoja.

Kifo cha namna hii hakina kelele. Mtu hagombani na yeyote. Analala, anaanza kukoroma kwa nguvu, na watu wa nyumbani wanasema: mwacheni, pombe itamwisha asubuhi. Asubuhi wanakuta mwili umekuwa baridi. Kisha maneno yanaanza: sumu, wivu wa jirani, uchawi. Lakini mambo yanayotokea kati ya komprime ya kwanza na pumzi ya mwisho yanajulikana vizuri na wataalamu wa dawa, na mtu yeyote anaweza kuyaelewa.

Ufunguo na kufuli

Ubongo unafanya kazi kwa chembe nyingi sana za neva zinazopashana habari. Chembe moja inatoa kemikali, kemikali hiyo inavuka nafasi ndogo na kushika kwenye chembe ya pili, mahali palipotengenezwa kwa ajili yake. Wanasayansi wanaita mahali hapo kipokezi. Kwa lugha ya nyumbani, kipokezi ni kufuli na kemikali ni ufunguo. Ufunguo ukiingia, chembe inaamshwa au inatulizwa.

Mwili una funguo zake wenyewe. Mtu akivunjika mguu, au mama anapozaa, mwili unatoa kemikali za kupunguza maumivu. Kuna kemikali nyingine ya kutuliza, ambayo bila yake mtu angetetemeka mchana na usiku. Kuna pia dopamini, inayouambia ubongo kwamba jambo fulani lilikuwa zuri na linafaa kurudiwa: chakula, mapenzi, sifa mbele ya watu.

Kila dawa ya kulevya, iwe imetoka katika kiwanda cha mbali au kwenye pipa la muuza kanyanga wa kata, inafanya kazi kwa sababu imekuta kufuli ambazo tayari ziko. Mlango ambao mwili ulikuwa unaufungua kidogo kidogo, dawa inausukuma na kuuacha wazi kwa saa nyingi.

Tramadol: maumivu yanapokatwa simu

Tramadol ilitengenezwa na kampuni ya Grünenthal ya Ujerumani mwaka wa 1962, na ikaanza kuuzwa huko mwaka wa 1977. Ni dawa ya maumivu makali. Inamsaidia mtu aliyepasuliwa, aliyevunjika mfupa au aliyepigwa risasi, na katika jimbo kama Kivu Kaskazini au Ituri watu wa namna hiyo ni wengi. Dawa hii ni ya ukoo wa afyuni, ukoo mmoja na morfini na kodeini.

Inafanya kazi kwa njia mbili kwa wakati mmoja. Njia ya kwanza ni kushika kufuli za afyuni, zile ambazo mwili unazitumia kunyamazisha maumivu. Njia ya pili ni kuzuia chembe za neva zisirudishe ndani kemikali mbili, serotonini na noradrenalini, hivyo zinabaki nyingi kazini. Noradrenalini ndiyo inayomfanya mtu awe macho. Hii ndiyo sababu mtu aliyemeza tramadol mwanzoni haonekani kama mlevi. Anajisikia mwepesi, hana woga, hasikii njaa wala mgongo.

Ndiyo sababu pia dawa hii inawavuta watu wa kazi nzito. Msukuma chukudu mwenye mifuko ya makaa, mtu wa pikipiki anayetafuta versement ya tajiri wake hadi usiku, mchimbaji kwenye karé ya dhahabu: wote wana maumivu ya kweli na siku ndefu. Maumivu ya mgongo ni habari ambayo mwili unatuma kwenye ubongo. Tramadol inaikata simu hiyo, lakini mzigo unabaki mgongoni, na mfupa unaendelea kuumia bila mwenyewe kujua.

Jambo hili si la Congo peke yake. Mwaka wa 2013, watafiti walitangaza kwamba wamekuta tramadol ndani ya mizizi ya mti mmoja unaotumiwa kama dawa ya kienyeji kaskazini mwa Kamerun. Ikaonekana kama ajabu: dawa ya kiwandani inayoota porini. Mwaka uliofuata, wanasayansi wengine, wakiongozwa na chuo kikuu cha Dortmund huko Ujerumani, walitoa maelezo mengine. Kulingana nao, wakulima wa eneo hilo walikuwa wakimeza tramadol ili waweze kazi ya shamba chini ya jua kali, na wakiwapa hata ng'ombe wao. Mkojo wa watu na wanyama uliingia udongoni, na mizizi ikanyonya.

Shida nyingine ya tramadol iko kwenye ini. Dawa hii ikifika huko, sehemu yake inageuzwa kuwa kitu kingine, na kitu hicho kinashika kufuli za afyuni kwa nguvu nyingi kuliko tramadol yenyewe. Lakini maini ya watu hayalingani. Kuna wanaozaliwa na ini linalogeuza haraka sana na wengine wenye ini linalogeuza polepole. Komprime ileile inaweza kumwacha mmoja bila kusikia kitu, akaongeza ya pili na ya tatu, na ikampunguzia mwenzake pumzi. Kijana anayesema kwamba rafiki yake alikunywa nne na hakupata shida anazungumzia ini la rafiki yake, si lake. Kwa sababu ya hatari hiyo, mwaka wa 2017 mamlaka ya dawa ya Marekani ilikataza tramadol kwa watoto wenye umri wa chini ya miaka 12.

Kwa mtu mzima, daktari kwa kawaida anaandika miligramu 50 hadi 100 kwa mara moja, na jumla isipite 400 kwa siku nzima. Katika Afrika Magharibi, polisi na watu wa forodha wamekamata komprime za miligramu 225 na 250. Mbili za 250 zinatosha kuvuka mpaka wa siku nzima. Tena dawa ya kumeza inachukua karibu saa moja ili isikike na karibu saa mbili ili ifike kilele. Mwenye haraka anadhani haikushika, anaongeza, na zote zinapanda pamoja.

Kuna pia kifafa. Tramadol nyingi inaweza kumwangusha mtu na kumkakamaza, hata kama hajawahi kuwa na ugonjwa huo maishani, na pombe inaongeza hatari hiyo. Mtu akianguka namna hiyo kanisani au sokoni, wengi wanatafuta pepo. Swali la kwanza la kuuliza ni alimeza nini.

Valium: breki inayokaa siku nyingi

Valium ni jina la biashara la diazepam, dawa iliyogunduliwa na kundi la mwanakemia Leo Sternbach katika kampuni ya Roche, ikaanza kuuzwa mwaka wa 1963. Hospitalini ina heshima yake. Inasimamisha degedege kwa mtoto, inasaidia mgonjwa wa pepopunda, inatuliza mtu mwenye hofu kali.

Ubongo una kemikali inayofanya kazi kama breki, inayoitwa GABA. Diazepam haikanyagi breki hiyo yenyewe. Inafanya kila mara GABA inapokanyaga, breki iwe nzito zaidi. Misuli inalegea, wasiwasi unapungua, usingizi unakuja. Kumbukumbu nayo inafungwa: mtu anaweza kutembea, kugombana, hata kuiba, na kesho yake asikumbuke kitu. Ndiyo maana vijana wa makundi ya wizi wanaipenda kabla ya kwenda kazini kwao: inaondoa woga na inafuta yaliyotendeka.

Mtu mzima akimeza diazepam peke yake, ni vigumu ife pumzi yake. Tatizo ni muda. Mwili unahitaji siku moja hadi mbili, na mara nyingine zaidi, ili kupunguza nusu tu ya dawa hiyo. Kisha kitu ambacho ini limekitengeneza kutoka kwake nacho kinatuliza, na kinakaa siku nyingi zaidi. Kijana anayemeza komprime moja kila jioni haanzi upya kila jioni. Komprime ya ijumaa inaikuta ya alhamisi na ya jumatano ndani ya damu. Akinywa pombe siku ambayo hakumeza kitu, bado anachanganya.

Kanyanga: hesabu ambayo hakuna anayeifanya

Pombe kali ya kupika ina majina mengi: kanyanga huko Kivu, lutuku huko Katanga, lotoko huko Kisangani na Kinshasa. Inatoka katika mahindi, muhogo au ndizi. Ng'ambo ya mpaka, sheria ya Rwanda inaihesabu kanyanga kati ya dawa za kulevya. Huku kwetu inauzwa karibu na njia ya shule.

Pombe inashika breki ileile ya GABA, lakini upande mwingine, na wakati huohuo inapunguza nguvu ya kemikali inayoamsha ubongo. Kwa maneno ya dereva: inakanyaga breki na kuondoa mguu kwenye gesi. Mwanzoni inazima sehemu za ubongo zinazoleta aibu na busara, ndiyo maana mlevi anaanza kwa kucheka na kusema sana. Baadaye inazima mwendo, kisha fahamu.

Hesabu yake ni rahisi. Chupa kubwa ya bia ya sentilita 72, yenye asilimia 5 ya pombe, ina karibu gramu 29 za pombe safi. Ini la mtu mzima linaondoa takriban gramu 7 hadi 10 kwa saa, kwa hiyo chupa hiyo moja inahitaji saa 3 hadi 4. Robo lita ya pombe kali yenye asilimia 40 ina karibu gramu 80. Hiyo inahitaji saa 8 hadi 11. Mtu aliyeimaliza saa nne ya usiku bado anayo mwilini jua linapotoka. Kahawa, maziwa, maji baridi na limau havibadilishi hesabu hiyo hata dakika moja.

Tena kanyanga ya kata haina kipimo kilichoandikwa. Pipa moja linaweza kuwa na nguvu mara mbili ya lingine. Na pale mtu anapoongeza alkoli ya viwandani ili kupata faida, inaweza kuingia methanoli. Methanoli yenyewe inalevya kama pombe nyingine, lakini mwili unaigeuza kuwa asidi inayoshambulia neva za macho. Baada ya saa nyingi, mara nyingi kesho yake, mnywaji anaanza kuona ukungu mweupe. Huyo hapaswi kungojea: hospitali inayoijua sumu hiyo inaweza kumtibu, lakini kila saa inayopita inamuondolea macho, na mwisho inamuondolea uhai.

Vitatu vinapokutana

Chini kabisa ya ubongo, karibu na shingo, kuna kundi dogo la chembe lenye kazi ya kulinda pumzi. Mtu haamui kupumua anapolala. Chembe hizo zinapima hewa chafu, yaani kabonidioksidi, ndani ya damu. Ikipanda, zinaamuru kifua kipumue. Ni kama mlinzi wa usiku asiyelala.

Tramadol, kama ndugu zake wa ukoo wa afyuni, inamziba mlinzi huyo masikio. Hewa chafu inapanda naye hastuki. Diazepam na pombe zinamkanyagia breki kutoka pande mbili. Hapa moja na moja na moja hazifanyi tatu. Kipimo cha tramadol ambacho mtu alikizoea, na Valium ambayo alimeza mara nyingi, na kanyanga ya kila jumamosi, vikifika kilele saa moja vinaweza kuishusha pumzi kutoka 12 au zaidi kwa dakika hadi 8, kisha 6, kisha pumzi moja kila baada ya muda mrefu. Mwaka wa 2016, mamlaka ya dawa ya Marekani iliagiza kwamba dawa za ukoo wa afyuni na zile za ukoo wa diazepam ziandikwe onyo kali kuliko yote, kwa sababu ya watu waliokufa kwa kuzichanganya.

Wakati huo misuli ya koo nayo imelegea. Ulimi unarudi nyuma na kuziba njia nusu. Mkoromo mzito, wenye sauti ya maji kooni, ambao familia inauchukua kama usingizi mzuri, ni sauti ya hewa inayopigania kupita. Mtu akitapika katika hali hiyo hawezi kukohoa, na matapishi yanaingia kwenye mapafu. Pumzi ikisimama kabisa, ubongo unaanza kuharibika baada ya dakika chache tu.

Bangi, kole na bombé: njia nyingine

Si kila dawa inapitia njia hiyo. Kitu kinacholevya ndani ya bangi, THC, kilitenganishwa na wanasayansi wa Israeli mwaka wa 1964. Kufuli zake ziko nyingi sehemu za kumbukumbu, za mwendo na za kupima muda, lakini chache sana kwenye kituo cha pumzi. Ndiyo sababu bangi peke yake ni nadra kumwua mtu kwa kumzimia pumzi. Hatari yake iko mahali pengine: kwa kijana anayeanza mapema na kuvuta kila siku, inaongeza uwezekano wa kusikia sauti ambazo haziko na kudhani kila mtu anamwinda. Ubongo unaendelea kukomaa hadi karibu miaka 25, na THC inajificha ndani ya mafuta ya mwili kwa siku nyingi.

Kole ya viatu inayovutwa na watoto wa mitaani, wale wanaoitwa maibobo huko Goma, inapitia mapafu na kufika ubongoni kwa sekunde chache. Mvuke wake unaharibu neva, ini na figo. Kuna jambo ambalo polisi na wapita njia wangepaswa kulijua: mvuke huo unaufanya moyo uwe mwepesi kukosa mpangilio, hasa mtoto anaposhtuliwa au kukimbia. Mtoto aliyetoka kuvuta kole akikimbizwa kwa fimbo, moyo wake unaweza kusimama ghafla.

Mwaka wa 2021, Kinshasa iliamshwa na bombé, unga wa rangi ya kahawia uliotoka ndani ya mabomba ya moshi ya magari. Wezi walikuwa wanakata mabomba hayo ili kupata sehemu ya kusafishia moshi, yenye kauri na madini kama platini. Vijana walionekana wamesimama kama sanamu kwa saa nyingi, na mwezi wa nane mwaka huo Raisi Félix Tshisekedi alilifikisha jambo hilo kwenye baraza la mawaziri. Lakini unga huo haukutumiwa peke yake. Ulichanganywa na komprime mbalimbali, zikiwemo za usingizi. Vumbi la kauri na madini ni hatari kwa mapafu. Kulegea na kusimama bila mwendo kunafanana sana na kazi ya komprime zile za usingizi.

Mwili unapozoea

Mtu akisukuma mlango uleule kila siku, mwili unaongeza uzito upande wa ndani. Kufuli zinapungua au zinakuwa ngumu, na kipimo cha jana hakitoshi leo. Hayo ndiyo mazoea. Hayana uhusiano na tabia mbaya wala malezi; yanampata hata mgonjwa aliyeandikiwa dawa na daktari kwa muda mrefu.

Mazoea yana mtego wake. Mtu akikaa wiki kadhaa bila dawa, gerezani, kijijini au kwenye chumba cha maombi, mwili unarudia hali yake ya zamani. Akitoka na kurudia kipimo kilekile alichokizoea, kwake sasa ni kipimo cha kuua. Familia inayompokea kijana aliyetoka gerezani inafaa kujua kwamba siku za kwanza nyumbani ni za hatari kuliko zote.

Mtego wa pili ni kuacha kwa ghafla. Anayeacha tramadol anapata mafua, kuhara, maumivu ya mifupa, wasiwasi na kukosa usingizi. Ni mateso, na anahitaji maji na mtu wa kumkaa karibu, lakini kwa kawaida hayamuui mtu mzima mwenye afya. Pombe na Valium ni tofauti. Mtu aliyekunywa pombe kali kila siku kwa miaka, akikatwa ghafla, anaanza kutetemeka ndani ya siku ya kwanza. Kifafa kinaweza kuja ndani ya siku mbili, na kati ya siku ya pili na ya nne anaweza kuona wadudu na watu ambao hawako, homa ikapanda na moyo ukakimbia. Hali hiyo inaua. Kwa Valium, kwa sababu inakaa mwilini muda mrefu, kifafa kinaweza kungojea hata wiki moja, wakati wote wamesahau.

Kwa hiyo kumfunga mlevi kwa kamba au minyororo nyumbani, au kumfungia chumbani afunge na kuomba siku saba bila kula, kunaweza kumwua mtu ambaye wazazi walitaka kumwokoa. Maombi yanaweza kwenda pamoja na matibabu. Muuguzi au daktari anapunguza dawa hatua kwa hatua, anatoa vitamini B1 kwa mnywaji wa muda mrefu, na kwa aliyezoea pombe anatumia diazepam hiyohiyo, kwa kipimo kinachopungua, ili kuzuia kifafa. Dawa ileile inayoharibu barabarani inaokoa kitandani. Kinachobadilika ni kipimo, muda na mkono unaoitoa.

Pa kupeleka mgonjwa

Huko Bukavu, kituo cha SOSAME, na huko Goma, kituo cha Tulizo Letu, vinajulikana kwa kazi ya afya ya akili, na vyote viwili ni vya Ndugu wa Shirika la Frères de la Charité. Wakaaji wengi bado wanaona haya kupeleka mtoto huko, wakidhani ni mahali pa wenda wazimu tu. Mazoea ya dawa ni ugonjwa wa ubongo, na hapo ndipo pa kuutibia. Kwa mtu ambaye pumzi yake inashuka, njia ni kituo cha afya au hospitali iliyo karibu zaidi, usiku uleule.

Kuna dawa inayoitwa naloksoni, inayomwondoa afyuni kwenye kufuli na kurudisha pumzi. OMS inaihesabu kati ya dawa za lazima, na tangu mwaka wa 2014 inashauri ipatikane hata kwa ndugu na marafiki wa watu wanaotumia dawa hizo. Haina nguvu juu ya Valium wala pombe, na kazi yake inaweza kuisha kabla tramadol haijatoka mwilini, kwa hiyo mgonjwa aliyeamka bado anapaswa kuangaliwa kwa saa nyingi.

Kwa upande wa farmasi, jibu haliwezi kuwa kuondoa tramadol yote. Majeruhi wa vita na wagonjwa wa kansa wanaumia kweli, na katika vituo vingi vya vijijini wanapewa parasetamoli tu. Kazi ya ACOREP, mamlaka inayosimamia dawa inchini, na ya wakaguzi wa afya majimboni, ni kuhakikisha dawa hizo zinamfikia mgonjwa kwa ordonansi. Plaketi iliyokatwa kwa makasi haimwambii mnunuzi jina kamili, miligramu wala tarehe ya kuisha.

Usiku ndani ya nyumba

Mara nyingi wa kwanza kuona hatari ni mama, dada mdogo au mwenzake wa chumba. Kwanza wamwite kwa jina kwa sauti kubwa na kumsugua mfupa wa kifua kwa ngumi. Akifungua macho na kujibu, wamlaze kwa ubavu na mtu mmoja abaki naye. Asipoamka, wasingojee asubuhi.

Alama za hatari ni hizi: pumzi chache, mkoromo wenye maji, mboni ya jicho ndogo kama ncha ya sindano, midomo na ufizi vilivyobadilika kuwa vya kijivu au bluu, kucha zilizopauka. Alale kwa ubavu, goti la juu likunjwe mbele, mdomo uelekee chini ili matapishi yatoke nje. Asipewe maziwa, chumvi, mafuta ya mawese wala kahawa, kwa sababu asiyeweza kumeza vizuri atavipeleka mapafuni. Asitapishwe kwa kidole. Asiwekwe ndani ya maji baridi. Akikakamaa, wasimtie kijiko mdomoni. Waondoe vitu vikali karibu naye na kungojea mwili ulegee. Pumzi ikisimama, anayejua kupuliza hewa mdomoni aanze huku wengine wakitafuta pikipiki au gari.

Plaketi na chupa iliyokutwa karibu naye iende naye hospitalini, na muuguzi aambiwe ukweli wote. Anauliza ili ajue afanye nini, hamwandikii polisi.

Na kwa usiku ambao familia haina uhakika kama ni usingizi au hatari, kipimo kiko kwenye simu ya kila mtu. Weka mkono juu ya kifua chake, angalia saa, hesabu pumzi kwa dakika moja kamili. Mtu mzima aliyelala vizuri anapumua mara 12 hadi 20. Ukipata chini ya 10, mwamshe jirani mwenye pikipiki.